Lita Nne na Nusu

Ulaanbaatar, 11 Septemba 2018

Kwa dada yangu mkubwa Dulamsuren,

Vuli imewakuta salama? Mifugo imepata mafuta ya kuvukia baridi? Sisi hapa wazima. Mke wangu Navchaa anakusalimu. Ameanza kazi kwenye duka la miwani na sasa anaona kila kosa langu. Moshi wa makaa bado haujaanza, kwa hiyo mjini watu wanaonana nyuso.

Naandika barua kama babu kwa sababu simu zangu unazikata. Umesema kwenye simu nakufunika kwa maneno. Haya, karatasi hiyo, nijibu utakavyo. Dereva wa basi nimempa sigara pakiti mbili asije akaifanyia kitu kingine.

Dada, nimenunua gari jingine la teksi. Lile la zamani, haibridi langu la rangi ya fedha, nawaletea nyinyi. Bure. Mwenzangu mmoja atalifikisha wiki ijayo. Nimechoka kuona haya kwamba mtu kama wewe, aliyeendesha malori ya serikali miaka kumi na tisa, leo anapanda lile jipu la Kirusi linalokunywa lita kumi na saba kwa kilomita mia, na asubuhi bado linasukumwa. Hilo si gari, ni ng'ombe mgonjwa. Fungieni mbuzi ndani yake.

Hili langu lina injini ya petroli na mota ya betri, na lenyewe linajua lini litumie hii na lini ile. Ukisimama linazima, kimya. Ukikanyaga breki linajichaji. Nimelipima mwenyewe: lita nne na nusu kwa kilomita mia. Mwambie shemeji Sharav asilichokonoe kwa bisibisi. Na ajue usukani uko kulia. Sina hakika kama anatofautisha kulia na kushoto bila kuwauliza mbuzi wake.

Mdogo wako,
Yondon


Tosontsengel, 19 Oktoba 2018

Yondon,

Tuko wazima. Mifugo imenona, isipokuwa farasi mwekundu ambaye anazeeka vibaya, kama sote. Theluji ya kwanza imeanguka ikayeyuka. Nakutumia mfuko wa jibini kavu. Usiwape wageni wako wa mjini wakavunjika meno halafu wakatucheka.

Gari limefika. Asante. Nimeandika asante na sitairudia, maana wewe ukishukuriwa mara mbili unavimba mpaka mlango unakuwa mwembamba. Jipu tumelitoa kwa mtu wa mtoni, ametupa kuni za msimu mzima na dume moja la yaki. Sharav aliliaga jipu kwa kulipigapiga boneti. Sikumwangalia.

Sasa analipenda hili jipya. Anapeleka wagonjwa Uliastai, kilomita mia na themanini kwenda na nyingine kama hizo kurudi, kupitia mlima wa Zagastai. Anarudi anatabasamu kama kijana: "Lita tano, Dulam!" Wewe umesema nne na nusu. Mlima ni mlima, sitagombana na mtu kwa nusu lita.

Lakini nakuuliza dereva kwa dereva, kama wewe ni dereva na si mpambe wa gari. Baridi ya huku unaijua, umezaliwa ndani yake. Januari ukitema mate yanatua yakiwa jiwe. Lori langu lilikuwa likiongeza theluthi nzima. Hilo haibridi lako umeliendesha vipupwe sita. Likikutana na nyuzi arobaini chini ya sifuri litakunywa lita ngapi?

Nipe idadi. Usinipe hotuba.

Dulamsuren


Ulaanbaatar, 17 Novemba 2018

Dada yangu mkubwa,

Mmeingia vizuri kwenye baridi? Hema limeongezwa tabaka la pili? Hapa moshi umeshuka, watu wanakohoa kama kondoo. Jibini limefika. Navchaa amevunjika kijino cha nyuma, anasema asante.

Kuhusu swali lako, usikasirike, lakini wewe umestaafu na elimu yako nayo imestaafu. Lori lako lilitengenezwa na watu waliokuwa wanakunywa kazini. Hili limetengenezwa na watu wanaovaa glovu nyeupe. Ndani yake kuna kompyuta, na kompyuta haina Januari wala Julai. Nne na nusu. Mlimani tano. Basi.

Na ukiona inazidi hapo, usiliangalie gari. Mwangalie aliyeshika usukani. Ukimkuta huyo hana kosa, mwangalie aliyeshika mpira. Unajua mpira ninaousema: mita moja na nusu, ncha moja kwenye tanki na nyingine mdomoni. Mimi sisemi kitu juu ya shemeji. Nasema tu kwamba miaka thelathini sijamsikia akimaliza sentensi. Muda wote huo anawaza nini? Na ile pikipiki ya mdogo wake, inayozunguka bonde zima kutwa kucha, inatembea kwa maombi?

Mpe salamu zangu za heshima.

Yondon


Tosontsengel, 16 Desemba 2018

Yondon,

Tuko wazima. Mto umeganda mpaka chini, tunachota barafu kwa shoka. Nimepata barua yako ikiwa na wiki tatu. Dereva wa basi alikwama Arvaikheer.

Sipendi kukupa haki, wewe ni mtu usiyejua pa kuiweka. Lakini nitaandika yaliyotokea.

Mwezi uliopita gari lilipanda likafika lita saba. Wiki hii ni tisa. Tisa! Nimelikagua chini, hakuna linapovuja. Nimeangalia tairi, nimeangalia mafuta ya injini. Ndipo maneno yako yakaanza kunitembea kichwani. Nikaanza kumnusa Sharav mdomo akiingia ndani, kama mwanamke anayetafuta harufu ya pombe. Jumatano nikamuuliza.

"Petroli inakwenda wapi?"

"Gari limeinywa."

"Gari linakunywa lita tano."

"Nani kasema?"

"Yondon. Mwenye gari."

Akasema, "Yondon yuko mbali," akachukua shoka akatoka kwenda kupasua kuni. Hakuapa, hakugomba. Mtu asiye na hatia angepiga kelele, sivyo? Nikamfuata nje, na kulikuwa na wanawake watatu waliokuja kuchukua maziwa yaliyogandishwa, na mbele yao nikamwita mwizi. Nilitaka aone aibu. Aliendelea kupasua kuni.

Kuanzia sasa ufunguo ninao mimi, na mkoba wa pesa ninao mimi. Kila safari nitampimia petroli kwa hesabu yako, nimuongezee kidogo cha theluji, maana mimi si katili. Tutaona.

Na hilo jipya lako, mwezi huu linakunywa ngapi?

Dulamsuren


Ulaanbaatar, 27 Desemba 2018

Dada yangu,

Tisa ya kwanza, zile siku tisa za mwanzo za baridi kuu, inawaendeaje? Hapa jana nilimbeba mzee mmoja wa mkoa wa Zavkhan kama sisi, akanitambua kwa lafudhi, nikakana. Usicheke. Mjini ukijulikana umetoka kwenye mbuzi, abiria anataka apunguziwe nauli.

Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili kwa sauti, Navchaa asikie. Hatimaye dada yangu amefumbua macho! Mpimie hivyo hivyo. Usimlegezee. Watu wa namna ile, wanaoinamisha kichwa na kupasua kuni, ndio wanaoiba kwa amani kabisa. Ukimpimia wiki tatu utaona gari limepona lenyewe, bila fundi.

Langu jipya liko vizuri kama mwenyewe.

Yondon


Ulaanbaatar, 1 Februari 2019

Dada,

Mnavuka salama? Sijapata jibu lako tangu kabla ya mwaka mpya. Nimepiga simu, imekatwa. Nimepiga kwa Sharav, haipatikani. Dereva wa basi anasema njia iko wazi, kwa hiyo theluji usinisingizie.

Mwezi Mweupe, mwaka mpya wetu wa jadi, ni Jumanne ijayo. Navchaa ametengeneza buuz mia tisa za unga na nyama, ziko barazani zimeganda kama risasi. Mwaka huu mtakuja? Au shemeji amekimbia na tanki?

Natania. Andika.

Yondon


Tosontsengel, 3 Machi 2019

Yondon,

Tumevuka. Kondoo kumi na mmoja wamekufa, waliobaki wamesimama. Wana-kondoo wa kwanza wamezaliwa. Mmoja nimemweka humu karibu na jiko, anatafuna pindo la nguo yangu ninapoandika. Habari za nyumbani zimeishia hapo. Sikukuandikia kwa sababu kalamu ilikuwa inanishinda. Sasa keti usome.

Tarehe 14 Januari, katikati ya tisa ya tatu, wakati baridi inang'ata kuliko siku zote, kipimajoto cha posta kilisoma nyuzi arobaini na tatu chini ya sifuri. Sharav alikuwa anakwenda Uliastai kumchukua Sodgerel, mwalimu wetu wa chekechea, ambaye alikuwa amejifungua siku sita kabla. Petroli niliimimina kwa mkono wangu. Kilomita mia tatu na sitini kwa hesabu yako ni lita kumi na nane. Nikaweka ishirini na tano, nikajiona mkarimu.

Sharav akalitazama dumu. "Dulam, haya hayatafika."

"Yatafika usipoyanywa."

Akavaa glovu zake akaondoka. Mfukoni hakuwa na kitu. Mkoba nilikuwa naukalia mimi, na nauli ilikuwa ilipwe na mume wa Sodgerel hapa nyumbani, akishamwona mkewe mlangoni.

Kufika Uliastai sehemu kubwa ya petroli ilikuwa imekwisha. Alikwenda kwa mtu mmoja aliyekuwa naye jeshini akamwomba lita tano. Yule mtu angempa hata ishirini, ameniambia mwenyewe kwa simu. Lakini Sharav aliomba tano. Mtu anayeitwa mwizi wa petroli kwao, aombe petroli kwa watu kwa uso gani?

Yaliyofuata kanieleza Sodgerel. Anasema injini haikuzima hata mara moja njia nzima. Waliposimama kumnyonyesha mtoto iliendelea kunguruma, kwa sababu hita ilikuwa inataka moto na moto unatoka kwenye injini, hauna kwingine pa kutoka. Walipanda Zagastai, wakashuka. Saa kumi jioni, kilomita thelathini kutoka hapa, injini ikakata. Ile betri unayoisifia iliwasogeza mita mia tatu hivi, ikafa nayo. Simu haishiki pale.

Sharav akavua joho lake la ngozi ya kondoo akamfunika Sodgerel na mtoto kwenye kiti cha nyuma. Akatoa tairi la akiba akalichoma kando ya gari, ili moshi uonekane. Sodgerel akamwambia, "Kaka Sharav, wewe utavaa nini?" Akajibu, "Mimi natembea. Anayetembea ana joto." Halafu akavua glovu zake akamvalisha yule mtoto miguuni, moja kila mguu. Sodgerel anasema zilimfika kiunoni.

Alitembea kilomita tisa mpaka kambi ya baridi ya wafugaji, kwa sweta, akiwa na fimbo ya kupimia theluji ilipo laini. Mkono wa kushoto aliuficha kwapani. Wa kulia ulishika fimbo.

Wafugaji walikwenda na farasi wakawachukua mama na mtoto, wazima wote wawili. Sharav amekatwa vidole vitatu vya mkono wa kulia. Vimebaki cha gumba na kile cha kuonyeshea.

Nilipofika hospitali hakunilaumu. Aliniuliza, "Gari limeburutwa au limebaki kule?" Ningefurahi angenitukana.

Aliporudi nyumbani nilifanya nilichopaswa kufanya tangu Novemba. Asubuhi ya nyuzi thelathini na nane nilijaza tanki mpaka shingoni pale kituoni. Nikafunga kifuniko kwa plasta, mwanamke wa pampu akatia sahihi juu yake, nikaendesha mwenyewe kilomita hamsini kwenda na hamsini kurudi. Hapakuwa na Sharav wala mpira. Nikajaza tena mpaka shingoni. Lita tisa na kidogo.

Siku ya pili nilikwenda hivyo hivyo, hita nikaizima. Lita saba. Na magoti yangu yaliuma siku tatu. Hapo nikaelewa. Injini ikipoa kidogo tu inajiwasha tena ijipashe, na ikupashe wewe. Betri ikiganda haipokei chaji wala haitoi, kwa hiyo ile breki yako ya ajabu haikusanyi kitu. Tairi zinanywea, mafuta ya injini yanakuwa gundi. Ule werevu wote ni wa kiangazi. Kwenye tisa ya tatu ni gari kama magari mengine, lenye jiko ndani. Silidharau kwa hilo, lilifanya lilichoweza. Nakudharau wewe.

Nilipofagia buti la gari, chini ya zulia, nilikuta kipande cha blanketi zito la sufu kilichokatwa sawasawa na umbo la injini ile, kimeungua ukingoni. Na boksi gumu lililokatwa kutosha mbele ya rejeta kuzuia upepo wa baridi, lina matundu ya kamba. Mtu gani hukata vitu kama hivyo kwa gari lisilojua Januari?

Siku ya Mwezi Mweupe watu walikuja kutuamkia, wakiwemo wale wanawake watatu. Nilisimama kabla nyama haijakatwa nikasema, "Mume wangu si mwizi. Mimi nilisema uongo juu yake, na vidole vile nimevikata mimi." Sharav alinivuta nguo nikae. Miaka kumi na tisa niliendesha malori, na nikaiamini karatasi kutoka mjini kuliko pua yangu mwenyewe. Kwa hiyo usidhani nakuachia lote. Langu nimelibeba.

Lako ni jibu la swali nililokuuliza Oktoba, nikakuuliza tena Desemba. Vipupwe sita. Lita ngapi?

Dulamsuren


Ulaanbaatar, 25 Machi 2019

Dada yangu mpendwa,

Masika yanawaendeaje? Wana-kondoo wanasimama? Tumelia sana, mimi na Navchaa. Pole sana kwa shemeji, pole kwako. Kwa kweli sikujua kama mambo yamekuwa makubwa namna hiyo. Ungeniambia mapema ningekuja.

Lakini dada, tuongee kama watu wazima. Barabara ile ina theluji, theluji inavuta gari. Abiria walikuwa na mizigo. Upepo wa tairi nadhani hakupima. Petroli ya mikoani nayo tunaijua, inachanganywa na vitu. Na samahani, ila mtu mzima akiona geji inashuka anajaza. Anaazima, anaweka hata kofia rehani, lakini anajaza. Kutembea kwa sweta kwenye baridi ile ni ushujaa, sikatai, ila ni ushujaa wa mtu ambaye hakufikiri asubuhi. Kuhusu lile blanketi na boksi, madereva wote hapa wanaweka, ni mtindo tu, kama watu wanavyoning'iniza vinyago kwenye kioo.

Siku hizi kuna mikono ya bandia mizuri kutoka Korea. Nimeulizia. Naweza kumtafutia. Na kama mnataka nilichukue gari, nitatuma mtu.

Usiniweke moyoni. Mimi ni damu yako.

Yondon


Tosontsengel, 10 Aprili 2019

Yondon,

Tuko wazima. Vumbi limeanza.

Nakurudishia barua yako ndani ya bahasha hii. Ina kurasa mbili na haina idadi yoyote isipokuwa tarehe.

Nilikuuliza lita.

Dulamsuren


Ulaanbaatar, 4 Mei 2019

Dada,

Tisa. Siku za foleni, kumi.

Lile la zamani na hili jipya, yote mawili. Tangu kipupwe cha kwanza. Asubuhi ya Januari nikiliwasha linakaa dakika ishirini linajipasha, na safari zangu ni fupi fupi, abiria anashuka injini haijapata moto bado, nazima, inaganda, naanza upya. Blanketi nililikata mimi. Boksi nililikata mimi. Bila hivyo linafika kumi na moja.

Hukuuliza kwa nini, ila nitaandika, kwa sababu Navchaa amesoma barua zako zote na amesema nisipoandika ataandika yeye.

Nilipouza ng'ombe wa baba nikanunua lile gari, ulikuwepo, unakumbuka jinsi watu wa bonde walivyocheka. Gari la vikaragosi, walisema, gari la kuchaji kama simu. Nikawaambia lita nne na nusu. Ilikuwa Julai, na ilikuwa kweli. Wakanyamaza. Sijawahi kuwanyamazisha watu kabla ya hapo. Basi nikaendelea kusema nne na nusu, Oktoba nikasema, Januari nikasema, kwa abiria, kwa Navchaa, kwa madereva ambao nao walikuwa wanasema nne na nusu wakati wote tulikuwa tunakutana kwenye pampu ile ile kila jioni tukikwepana macho. Ulipouliza, mkono ukaandika wenyewe.

Hilo la gari. La Sharav ni baya zaidi.

Sikudhani kwamba anaiba. Sijawahi kudhani. Hata nilipokuwa naandika yale maneno ya mpira nilikuwa najua siyo. Nilikuwa nimekaa jikoni, nimeshiba, na ilikuwa rahisi kuandika, na nikacheka peke yangu. Ukajibu kwamba umemwita mwizi mbele ya watu, nikamsomea Navchaa kwa sauti. Ningeweza kukuambia siku ile ile. Simu ilikuwa mezani. Nikaandika "usimlegezee."

Huwa namdharau kwa sababu hajibu. Nilidhani mtu asiyejibu hana kitu ndani.

Siji kiangazi hiki. Sina uso. Msiniandalie.

Yondon


Tosontsengel, 26 Mei 2019

Yondon,

Tuko wazima. Nyasi zimechelewa lakini zimetoka. Mtoto wa Sodgerel ana miezi minne, mnene, analia kama honi ya lori. Wamemwita Sharavdorj, na mwenye jina analionea haya jina lake siku hizi, akilisikia anajifanya ana kazi nje.

Barua yako nilimsomea. Alikuwa anajifunza kufunga hatamu kwa mkono wa kushoto, hakuinua kichwa. Nilipofika kwenye "tisa" aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia habari ya hali ya hewa. Nilipofika pale ulipoandika kwamba hukudhani ameiba, aliiacha hatamu.

"Soma tena hapo."

Nikasoma tena.

Mimi nikadhani sasa atasema, miaka thelathini na moja imefika, leo atasema. Akauliza, "Kwa hiyo alijua?"

"Alijua."

"Na wewe hukujua."

"Mimi sikujua. Nilipaswa kujua."

"Hmm," akasema. Akaokota hatamu. Baada ya kama saa nzima, nikiwa nakamua, alikuja akasimama nyuma yangu akasema, "Mwandikie aje. Barabara ni nzuri mwezi wa saba. Lita nne na nusu zitamtosha."

Sijui kama ilikuwa mzaha. Nimeishi naye muda wote huo na sijui. Alicheka kidogo, halafu hakucheka.

Basi neno lake nimekufikishia. Langu ni hili. Mimi sikwambii uje. Sijakusamehe, na nikisema nimekusamehe nitakuwa naandika kama wewe. Gari usitume mtu alichukue, anaendelea kuliendesha yeye, na petroli anajaza mwenyewe kadiri anavyoona. Mikono ya Korea baki nayo.

Lakini ukija, usilete zawadi, na usinisalimie kwa maneno marefu mlangoni. Ingia, kaa upande wa wageni. Chai hatakumiminia mwingine ila yeye. Atakupa bakuli kwa mkono wa kulia, kama inavyompasa mwenye nyumba, kwa vidole viwili alivyobaki navyo, na litatetemeka kidogo, kwa sababu bado hajazoea. Litatetemeka na chai itamwagika kidogo mkononi mwako, ya moto.

Utalipokea kwa mikono yote miwili, na hutalitua mpaka liishe.

Dulamsuren